Konyagi kwa dawa ya kuandaa mapema, mzinga mmoja unatosha meza nzima

Kwa wenye haraka mnaouliza kama Konyagi inafaa kwa dawa, ile kokteli ya ndimu na asali, jibu ni ndiyo, nunueni mzinga wa Konyagi, ule wa mililita 750, kama unaalika watu dina na unataka mambo ya vinywaji yawe yameisha kabla hata hodi ya kwanza haijapigwa. Naipa nne na nusu kwa tano, na nusu nimeikata kwa sababu ikinywewa bila kupoa vizuri haipendezi kabisa, harufu inapanda puani, kwahiyo baridi ni lazima.

Kuna watu wanaidharau mpaka leo kwa sababu ya enzi za viroba, vile vipakiti vya pombe kali, ila viroba serikali ilishapiga marufuku tangu Machi 2017 na kinywaji chenyewe hakina kosa, kinatengenezwa hapahapa Dar na Tanzania Distilleries, bei yake huwezi kulinganisha na vodka za kutoka nje, na kwa hii kazi ninayoisema hapa mimi naona inazishinda.

Nazungumzia dawa. Ile ya Carnivore pale Langata, Nairobi, mgahawa wa nyama choma uliofunguliwa 1980 na ndo walioipa dawa umaarufu, asili yake kokteli ya caipirinha ya Brazil, wao wanatumia vodka, ndimu, sukari na kijiti chenye asali unakoroga mwenyewe. Tamu sana, lakini ni kinywaji cha kutengenezwa glasi moja moja, sasa nyumbani nani atasimama anaponda ndimu wakati mishkaki iko jikoni inaungua na watu wameshakaa? Unachanganya mchana, unaweka friji, basi. Na hapo ndo Konyagi inapoipita vodka, kwa sababu vodka ikikaa masaa kadhaa na asali na ndimu unaishia kunywa juisi, huisikii, ila Konyagi ina ladha yake, kaukali fulani kama ka jini (gin) hivi, hata baada ya kuchanganywa bado unaijua ipo.

Ila shikeni hii moja, maana watu wengi wanachukua vipimo vya vodka wanamwaga Konyagi humo humo alafu wanasema imekuwa maji. Vodka nyingi ni asilimia 40, Konyagi ni 35. Ukitengeneza kokteli kwenye barafu, barafu inayeyuka na kuongeza maji, yale maji ni sehemu ya kinywaji, sasa ukichanganya mapema hakuna barafu inayoyeyuka kwahiyo maji unatia mwenyewe, na kwa Konyagi yanakuwa machache. Mimi kwa mzinga mzima naweka juisi ya ndimu mililita 300, asali iliyoyeyushwa kwenye maji nusu kwa nusu mililita 300, na maji ya kunywa 200 tu. Inatoka lita moja na nusu na kidogo, kilevi kama asilimia 17, glasi 15 za mililita 100, yani watu saba wanapata mbili mbili na mpishi anabakiwa na yake. Ingekuwa vodka ya 40 maji yangefika 400. Na kama wageni wako lazima waone barafu kwenye glasi, basi punguza hayo maji ya Konyagi yawe 100.

Asali iyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, ukiitia moja kwa moja kwenye kitu cha baridi inaganda chini na huitoi. Hiyo unaweza kufanya hata juzi yake. Asali ya Tabora ile nyeusi ina ladha nzito, tia kidogo kidogo huku unaonja. Ndimu hapana, ndimu kamua siku hiyohiyo, ikilala inapoteza ladha na kuwa chungu, na vile vipande vya ndimu msiviache vikae humo ndani maana maganda yanatoa uchungu, vikate dakika ya mwisho vya kupambia.

Friji, sio friza. Mchanganyiko wa hivi ukilala friza unakuta uji wa barafu.

Chombo: zile dispensa kubwa za kioo zenye koki zinazouzwa Kariakoo zinapendeza mezani kweli, ila kwa dawa sizipendekezi, asali isipochanganyika vizuri inatuama kule chini kwenye koki, wa kwanza anapata utamu wote wa mwisho anapata ndimu. Chupa za kioo zenye kifuniko ndo zenyewe, unatikisa unamimina. Na soda ya Stoney Tangawizi kama unaipenda juu yake (jaribuni, inaelewana sana na Konyagi) itie kwenye glasi, ukiitia kwenye chupa mapema gesi yote inaondoka.

Kwa negroni, ile kokteli chungu ya jini, siitumii, ile inataka jini halisi.

Alafu tengenezeni na chupa ya pili isiyo na kilevi, ndimu ileile, asali ileile, maji zaidi na tangawizi mbichi iliyokunwa na kuchujwa, kwa wasiokunywa na kwa wanaoendesha gari, na iwe tamu kweli sio ya kutimiza wajibu. Andika kwa maka peni kubwa kwenye kila chupa ipi ni ipi na ziweke meza tofauti, maana rangi zinafanana na kuna mtu kwa dini yake hilo tone moja ni jambo kubwa, asilazimike kukuuliza mara mbili mbele za watu.