Riwaya za Inspekta Morse: Ununue Ipi Kwanza?

Colin Dexter aliandika riwaya 13 za Inspekta Mkuu Morse wa Polisi wa Thames Valley, ya kwanza ikatoka mwaka 1975 na ya mwisho mwaka 1999, na muuza vitabu atakupangia zote mezani kana kwamba zina uzito mmoja. Hazina. Mpangilio wangu unafuata kipimo kimoja: Morse ni mpelelezi anayekosea. Hujenga hoja nzuri mno, humtaja mhalifu kwa uhakika wote, kisha jambo dogo aliloligundua msaidizi wake, Sajini Lewis, huibomoa hoja hiyo na kumlazimisha aanze upya. Ya kununuliwa kwanza ni ile ambayo makosa hayo yanamuumiza yeye mwenyewe.

Kwa kipimo hicho ninaitanguliza The Dead of Jericho, ya mwaka 1981. Morse anakutana karamuni na mwanamke aitwaye Anne Scott, wanapendezwa, lakini anaitwa kazini usiku uleule, na miezi inapita kabla hajafunga safari ya kumtembelea huko Jericho, mtaa wa Oxford ulio kando ya mfereji. Siku anapokwenda, anabisha, anakuta mlango haukufungwa, anaingia, anaita, haitikiwi, anaondoka. Baadaye siku hiyohiyo polisi wanaukuta mwili wa Anne ndani ya nyumba ileile. Kuanzia hapo upelelezi wote unabeba majuto ya mtu aliyesimama hatua chache tu kutoka kwenye ukweli na kugeuka, na ndiyo maana sijaona kitabu kingine katika mfululizo huu kinachomtambulisha Morse vizuri kuliko hiki. Kilipata tuzo ya Jambia la Fedha ya Chama cha Waandishi wa Riwaya za Uhalifu cha Uingereza, na mwaka 1987 ndicho kilichofungua tamthilia ya televisheni aliyoigiza John Thaw.

Ya pili ni The Wench Is Dead (1989), iliyoshinda Jambia la Dhahabu. Hapa Morse amelazwa hospitalini kwa vidonda vya tumbo, na akiwa kitandani anasoma kijitabu kuhusu mwanamke aliyekufa safarini kwenye mfereji wa Oxford mwaka 1859, akaanza kuitilia shaka hukumu waliyopewa wanamashua kwa kumuua. Dexter aliegemea kisa cha kweli cha Christina Collins, aliyeuawa mwaka 1839. Ni kitabu chembamba na cha ajabu, ila kinamfaa zaidi anayemjua Morse tayari, kwa sababu mwenyewe hainuki kitandani kwa sehemu kubwa ya hadithi.

The Way Through the Woods (1992) ninaiweka ya tatu. Msichana wa Kiswidi ametoweka, na shairi lililochapishwa gazetini linadhaniwa kuficha mahali ulipo mwili wake. Wasomaji wanaandika barua kulifumbua. Sisi tuliokua tukisoma ukurasa wa mashairi magazetini, tukigombania maana ya beti, tunaielewa raha hiyo bila kuelezwa.

Anayependa kufuata mpangilio wa miaka aanze na Last Bus to Woodstock, akijua kwamba mwandishi alikuwa bado anawatafuta watu wake. Mwalimu naye atapenda The Silent World of Nicholas Quinn, inayotokea katika ofisi ya mitihani. Dexter aliacha ualimu kwa sababu ya uziwi akafanya kazi katika ofisi ya namna hiyo Oxford, na uziwi huo ameutia ndani ya kisa chenyewe. The Remorseful Day, ambayo ndiyo ya mwisho, usiinunue kabla ya nyingine, na hata jalada lake la nyuma usilisome.

Nyingi ya nakala utakazozipata mitaani ni za mitumba zenye jalada laini. Gundi ya matoleo ya zamani hukauka, kwa hiyo fungua kitabu katikati taratibu: ukisikia mlio wa kukatika na kuona uzi wa mwanga kati ya kurasa, karatasi zitaanza kuchomoka kabla hujafika nusu. Kisha tazama mwisho. Niliwahi kununua nakala safi kabisa kwa nje, nikasoma siku tatu, nikagundua kwamba karatasi mbili za mwisho zilichanwa; katika riwaya ya upelelezi hiyo ni sawa na kutonunua chochote. Hesabu kurasa za sura ya mwisho papo hapo, mbele ya muuzaji.

Tazama pia gari la Morse. Katika nakala za zamani za vitabu vya mwanzo anaendesha Lancia. Baada ya tamthilia kumpa Jaguar nyekundu, matoleo mapya yalibadilishwa yafanane nayo. Mimi huchukua yenye Lancia, nikiwa tayari kuongeza fedha kidogo, kwa kuwa ndivyo Dexter alivyomwandika kabla televisheni haijamgusa.