Hawa jamaa wa kuchambua nyaraka nawapa nyota tatu, na moja ni ya huruma

Mi niko New Jersey, kampuni ndogo ya uwekezaji, nashughulika na makaratasi ya wadhibiti. Mwaka jana SEC, wale wanaosimamia masoko ya hisa Marekani, wakatuandikia wanataka imeili zetu za miaka miwili, tukakodi jamaa (siwataji) wazichambue, zile za siri kati yetu na wakili zibaki nyumbani.

Spidi nawapa zote. Siku tisa tu mzigo umerudi umepangwa, kila ukurasa una namba na muhuri wa kuomba usitolewe kwa watu wa nje. Sasa kumbe programu yao inatafuta jina la wakili pale juu kwenye mtumaji na mpokeaji, basi! Kuna imeili ya bosi na mhasibu wanabishana chakula cha mchana kiagizwe wapi, ukishuka chini kabisaaa unakuta ushauri mzima wa wakili umebandikwa, mpaka pale anaposema wapi tutabanwa tukishtakiwa. Ikapita. Nimeiona saa nne usiku na mzigo umeshatumwa.

Kuwapigia, dada wa huduma ananiambia usijali kaka, si muhuri upo na mna makubaliano ya usiri na SEC. Dada yangu, ule muhuri ni wa kumzuia mwandishi wa habari anayeomba karatasi serikalini, siri ya wakili ni habari nyingine kabisa. Qwest, ile kampuni ya simu, nao walikuwa na makubaliano ya maandishi, wakawapa SEC na Wizara ya Sheria kurasa zaidi ya 220,000 za siri zao na mawakili, wawekezaji waliowashtaki nao wakazitaka, na 2006 mahakama ya rufaa kule Denver ikasema siri mmeshaitoa wenyewe, wapeni na hawa. Alafu kinachoudhi, benki ikimpa mdhibiti wa mabenki karatasi kama hizo sheria inailinda, sisi wa SEC hatumo.

Kilichotuokoa ni kwamba ilikuwa bahati mbaya. Tangu 2008 kuna kanuni ya ushahidi namba 502, inakusamehe kama ulichukua tahadhari ya maana na ukawahi kurekebisha, so wakili wetu akawaandikia SEC asubuhi yake, wakairudisha.

Ningewatumia tena kama wangeweka mtu wa kusoma mpaka mkia wa kila imeili. Nimewaambia hivyo, wamenijibu hiyo ni huduma ya ziada na ina bei yake.