Soko la Talamahu, Nuku'alofa: ninapendekeza kununua kile wanachonunua wenyeji

Mgeni anayefika Nuku'alofa, mji mkuu wa Ufalme wa Tonga katika Bahari ya Pasifiki, hana haja ya gari ili kufanya manunuzi yake, kwa kuwa katikati ya mji ni padogo na mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka kasri la mfalme, lile jengo jeupe la mbao lililojengwa ufukweni mwaka 1867, hadi Soko la Talamahu. Soko hili ninalipendekeza kuliko duka lolote la zawadi mjini humo, na sababu yangu ni moja: bidhaa zake, kuanzia magimbi hadi mikeka, zimetandazwa kwanza kwa ajili ya Watonga wenyewe, na mgeni anachukua kutoka meza ile ile anayochukulia mwenyeji.

Upande wa vyakula unampokea mtu wa Afrika Mashariki kama anayemfahamu. Tongatapu, kisiwa ambacho Nuku'alofa umejengwa juu yake, ni cha matumbawe yaliyofunikwa na udongo wa majivu ya volkano, na rutuba yake inaonekana wazi katika mafungu ya viazi vikuu, magimbi, muhogo, viazi vitamu, ndizi, nazi, mananasi na matikiti maji. Maboga nayo yapo, yale ambayo wakulima wa Tonga huyalima zaidi kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi, Japani ikiwemo. Mizizi mingi huuzwa kwa fungu au kwa pakacha zima la makuti mabichi, jambo linalompa shida msafiri anayelala hotelini lakini linalomfaa sana mama mwenye familia kubwa, na kwa maoni yangu ni sawa kabisa kwamba soko limemtanguliza huyo mama. Kiazi kikuu ndicho chenye heshima kuliko vyote, kwani hakikosekani katika vyakula vinavyopelekwa kwenye harusi, misiba na hafla za kuwatunza machifu.

Anayetaka kuliona soko likiwa limechangamka aende Jumamosi asubuhi. Jumapili ni siku ya ibada na ya 'umu, tanuri la kuchimbiwa ardhini ambamo hupikwa lu, yaani nyama iliyofungwa ndani ya majani ya magimbi pamoja na tui la nazi, kwa hiyo kila nyumba inanunua mahitaji yake siku moja kabla. Jumapili yenyewe usijisumbue. Katiba ya mwaka 1875, iliyotolewa na Mfalme George Tupou I, inaitangaza siku hiyo kuwa takatifu milele, inakataza biashara, na inasema kwamba makubaliano yanayofanywa siku hiyo hayana nguvu kisheria. Msafiri anayeondoka Jumatatu alfajiri na apange manunuzi yake mapema.

Lakini sehemu iliyonishika kwa muda mrefu zaidi ni meza za ngatu, kitambaa cha gome ambacho wanawake wa Tonga wanaendelea kukitengeneza kwa wingi na kukitumia, badala ya kukihifadhi tu makumbusho. Gome la ndani la mti uitwao hiapo, wa jamii ya mforsadi, hubanduliwa, hulowekwa na kupondwa kwa nyundo ya mbao mpaka litanuke, kisha vipande hupangwa katika safu mbili zinazokingamana na kugandishwa kwa gundi ya wanga. Chini yake huwekwa kupesi, kibao chenye michoro iliyoshonwa kwa chelewa, na rangi ya kahawia inayotokana na gome la mti wa koka husuguliwa juu hadi mchoro ujitokeze. Baadaye mistari hukolezwa kwa mkono kwa rangi nyeusi zaidi. Miongoni mwa michoro inayopatikana mara nyingi imo ngao ya ufalme, pamoja na safu ya misonobari ya Norfolk inayohusishwa na njia ya kuelekea kwenye kasri.

Mama aliyeniuzia kipande changu alikigeuza upande wa nyuma kabla sijamwuliza lolote, akakiinua kuelekea kwenye mwanga ili nione nyuzi za gome zikienda pande mbili, safu moja wima na nyingine kwa mlalo. Hicho ndicho kipimo ambacho ningemshauri kila mnunuzi akitumie, kwa sababu siku hizi safu ya chini mara nyingine huwa ni kitambaa cha kiwandani. Kipande cha namna hiyo si bandia, kwani hata Watonga wenyewe hukitumia katika sherehe, ila mnunuzi ana haki ya kujua analipia kitu gani. Kadhalika atazame ukingoni. Ngatu kubwa hugawanywa katika sehemu zinazoitwa langanga na kutiwa namba pembeni, na moja ya vipimo vyake vinavyojulikana sana, launima, ina langanga 50. Namba ikionekana kwenye kipande kidogo, ni dalili njema kwamba kimekatwa kutoka kwenye kazi kubwa iliyofanywa na wanawake wengi wakiwa wamekaa pamoja.

Mikeka nayo ni ya kiwango cha juu. Hutengenezwa kwa majani ya mmea wa jamii ya mkadi, ambao sisi wa pwani tunauthamini zaidi kwa harufu ya maua yake, na aina ile nyeupe hupatikana kwa kuyachemsha majani na kuyaloweka baharini. Mtu aliyezoea mkeka wetu wa ukili atatafuta mshono na hatauona, kwa sababu mkeka wa Tonga husukwa mzima mzima bila kuunganishwa kwa sindano. Mingi kati ya hiyo si ya kukalia. Ta'ovala, yaani mkeka wa kujifunga, huvaliwa kiunoni juu ya nguo, kanisani, ofisini na msibani, na kadiri jani linavyochanwa jembamba ndivyo bei inavyopanda. Wanawake huvaa pia kiekie, mkanda wenye vishada, ambao ni mwepesi, haukunjiki vibaya ndani ya sanduku na kwa mawazo yangu ndio ununuzi wenye thamani bora kuliko wote kwa mgeni mwenye fedha za wastani.

Kupatana bei si desturi ya Tonga, na hili linayafanya manunuzi kuwa ya utulivu mkubwa. Muuzaji anataja bei, nawe unalipa au unashukuru na kuendelea na safari yako, bila yeyote kununa. Chukua fedha taslimu, tena noti ndogo za pa'anga, ambayo imekuwa sarafu ya nchi tangu mwaka 1967 na hugawanywa katika seniti 100.

Ghorofa ya juu, penye nguo na mapambo mengine, niliipita haraka, kwa kuwa mengi ya hapo yanafanana na yale ya masoko yoyote ya visiwani. Anayetafuta samaki naye aelekee bandarini, maana huko ndiko wanakopokewa wakiwa wabichi, na Talamahu ni soko la shamba na la kazi za mikono.

Jambo la mwisho linawahusu wanaosafiri kupitia Auckland au Sydney, na hao ni wengi. New Zealand na Australia hukagua kwa makini kila kitu kitokanacho na mimea, kwa hiyo mkeka na ngatu ziwe kavu na safi, nawe uzitaje kwenye fomu ya forodha hata kama hakuna aliyekuuliza. Kwa wanaopenda vinyago na mapambo ya kuchongwa, waombe ya mfupa wa ng'ombe au ya mbao, na waepuke jino au mfupa wa nyangumi, kwa kuwa kuuvusha mpakani bila kibali cha mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini ni kosa.