Darasa la Jumatano, Kondele: mwalimu anayejua kusubiri jibu

Nimefundisha shule ya Jumapili hapa Kisumu miaka tisa, na swali kwangu lilikuwa la kupima kama watoto wamekariri. "Yesu alizaliwa wapi?" "Bethlehemu!" Haya, tuendelee. Ndiyo maana nawasimulia walimu wenzangu habari za darasa la Biblia nililomaliza karibu na Kondele: Jumatano sita, shilingi 500, chai ya tangawizi ndani yake.

Somo lote ni maswali ya Yesu. Mwalimu ni mzee mstaafu wa shule ya msingi. Anasoma, anauliza, kisha ananyamaza. Siku ya kwanza tulisikiliza honi za bodaboda muda mrefu kabla ya mtu kuthubutu kufungua mdomo.

Jumatano ya tatu ilikuwa Marko 10. Yakobo na Yohana wana ombi, na Yesu anawauliza wanataka awafanyie nini. Wanataka kuketi mmoja kuume, mmoja kushoto, katika utukufu wake. Sura haijaisha, watu wanatoka Yeriko, Bartimayo kipofu anapaza sauti kando ya njia, naye anaulizwa lile lile: "Wataka nikufanyie nini?" Yeye anataka kuona. Sura hiyo naisoma tangu kipaimara, sikuwahi kugundua kwamba swali ni moja. Mwalimu akanigeukia: "Na wewe, Mama Baraka?" Sikuwa na jibu. Nilimpelekea wiki iliyofuata.

Lakini lililonishika zaidi ni la Luka 10. Mwanasheria anauliza jirani yake ni nani. Yesu anamsimulia habari za Msamaria, mtu wa jamii ambayo Wayahudi hawakuchangamana nayo, halafu anamrudishia swali: kati ya watatu waliopita njiani, yupi alikuwa jirani wa yule aliyeangukia kwa wanyang'anyi? Mama mmoja anayeuza omena Kibuye akasema, "Mwalimu, huyu mtu anajibu 'aliyemwonea huruma'. Msamaria hata hamtaji." Chumba kikatulia. Wengi wetu tulikuwa mji huu mwisho wa 2007, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tunajua kabila la mtu linavyokwama kooni. Mzee hakuongeza neno, na nilimshukuru kwa hilo.

Kasoro zipo. Saa kumi na moja iliyotangazwa huwa karibu saa kumi na mbili, na mvua ikipiga mabati husikii kitu. Yohana 21, Petro anapoulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, tuliikimbiza siku ya mwisho. Ilistahili jioni yake yenyewe.

Jumapili iliyopita niliwauliza watoto wangu swali la Bartimayo, nikahesabu kimoyomoyo hadi 30. Mvulana wa miaka saba, ambaye hajawahi kuinua mkono, akasema anataka baba arudi kutoka Nairobi. Tukaacha somo nililoandaa, tukazungumza hayo.

Darasa jipya linaanza baada ya Pasaka. Beba Biblia yako, za kuazima hazitoshi.