Mtumbwi wa kilo 19 kwa mabega ya miaka 65: Wenonah Minnesota II kwenye maziwa ya Boundary Waters

Mtu aliyevuka miaka sitini akianza kupanga safari ya siku nane au kumi kwa mtumbwi, kwanza huhesabu kilomita za maji. Kumbe maji si tatizo kubwa. Kupiga kafi ni kazi ya kukaa, na mwenye afya ya kawaida anaimudu saa nne au tano kwa siku hata akiwa na miaka sabini. Kinachowarudisha watu nyumbani kabla ya siku zao ni nchi kavu: kuunyanyua mtumbwi hadi begani, kuutembeza juu ya mawe yenye utelezi na kuushusha bila kuumiza kiuno. Ndiyo maana tathmini hii inauangalia mtumbwi kwanza ukiwa begani, kisha ukiwa majini.

Boundary Waters ni pori la hifadhi la zaidi ya ekari milioni moja, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, mpakani na Kanada. Maziwa yake yanapita 1,000, na katikati yake hakuna barabara. Kutoka ziwa moja kwenda jingine unabeba mtumbwi na mizigo kwa njia ya miguu, nayo inaitwa poteji, neno la Kifaransa lililobaki tangu enzi za wafanyabiashara wa ngozi za wanyama. Urefu wa poteji hupimwa kwa rodi. Rodi moja ni mita 5.03, karibu sawa na urefu wa mtumbwi mmoja, kwa hiyo ramani ikiandika 100 jua una nusu kilomita mbele yako. Kwa Waswahili wengi wa Minneapolis na St. Paul, mji wa Ely ulio mlangoni mwa pori hili uko mwendo wa saa nne hivi kwa gari.

Minnesota II hutengenezwa na Wenonah ya mji wa Winona, katika jimbo hilohilo. Ni mtumbwi wa watu wawili wenye urefu wa futi 18 na inchi 6, yaani mita 5.6. Toleo linalozungumziwa hapa ni lile jepesi la Kevlar, kitambaa cha nyuzi imara, lenye uzito wa karibu kilo 19. Mtumbwi wa kawaida wa alumini wa futi 17 una karibu kilo 34. Tofauti hiyo ya kilo 15 ndiyo inayomwezesha mtu wa miaka 65 kumaliza poteji ya rodi 150 bila kusimama. Kwetu pwani mtumbwi wa mwembe haubebwi, husukumwa juu ya magogo mpaka mchangani. Huku hakuna mchanga wala magogo, ni bega tu.

Wepesi huo unatokana na jinsi ulivyojengwa. Ngozi ni kitambaa cha nyuzi za Kevlar kilicholoweshwa resini, na sakafuni kumelazwa tabaka la povu gumu pamoja na mataruma ya povu yanayopanda ubavuni. Hakuna rangi nzito ya nje, ndiyo maana unaona ule umanjano wa nyuzi zenyewe. Povu ndilo linaloipa sakafu ukakamavu, na ndilo linaloumia mtu akiutumia mtumbwi huu kama wa alumini.

Kosa linaloua mitumbwi hii ni kuipakia huku omo, yaani ncha ya mbele, imeegemea mwamba na tezi, yaani ncha ya nyuma, ikielea. Hapo mtumbwi umegeuka daraja. Mtu wa kilo 85 akikanyaga katikati, uzito wote unaelekea pale palipo patupu, na povu linapasuka kwa sauti unayoisikia. Mtumbwi wa Kevlar hupakiwa ukiwa unaelea wote, na hushukwa ukiwa unaelea wote. Maana yake ni kwamba kila mwanzo na kila mwisho wa poteji unaingia majini mpaka magotini.

Hapo ndipo mtumbwi huu unapomdai mzee kitu ambacho matangazo hayakitaji. Mawe ya chini yamefunikwa na utelezi, na kuvuka ukingo kwa mguu mmoja kunahitaji mizani ambayo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Usishuke bila kafi mkononi. Lisimike chini liwe mguu wa tatu, utoe mguu mmoja, uhakikishe umeshika, ndipo utoe wa pili. Mwenzako awe bado ameketi akiuimarisha mtumbwi kwa kafi lake upande wa pili. Vaa buti linaloshika kifundo cha mguu na linalotoa maji upesi, na kamwe usivae kandambili. Kama mmoja wenu ana goti la bandia au kizunguzungu, jaribuni jambo hili moja mara ishirini kwenye ziwa la karibu na nyumbani kabla ya kulipia chochote.

Kuunyanyua ni rahisi zaidi, mkiwa wawili. Ile mbinu ya kuuweka mapajani na kuuzungusha hewani waachieni vijana. Upindueni kifudifudi, omo ikielekea njiani, na tezi ilalie jaketi la kujiokolea ili isisagike. Mmoja anyanyue omo hadi juu ya kichwa, tezi ikibaki chini. Mbebaji aingie chini kwa upande wa omo, arudi kinyumenyume mpaka nira, ule mti uliokingama katikati ya mtumbwi, ikae sawasawa mabegani, anyooshe magoti, ndipo yule wa mbele aachie. Nira ikifungwa vizuri, tezi huinama kidogo na macho yako yanaiona njia. Ukijikuta unaona matawi ya juu tu au vidole vyako vya miguu tu, nira imekaa vibaya. Mwambie mkodishaji airekebishe palepale dukani. Ukague pia mito ya nira, kwa kuwa iliyochakaa inakandamiza mfupa wa bega, na baada ya siku tatu mkono unaanza kufa ganzi.

Sasa hesabu ya mizigo, na hii ifanywe mezani nyumbani. Watu wawili kwa siku nane wanahitaji chakula kikavu cha karibu kilo 0.8 kwa mtu kwa siku, jumla kilo 13 hivi. Ongeza hema, matandiko, jiko na gesi, nguo, kichujio cha maji na dawa. Gawa vyote kwenye mabegi matatu, lolote lisizidi kilo 18. Ukijumlisha mtumbwi, mna mizigo minne kwa watu wawili, yaani kila mtu anakwenda na mzigo, anarudi mikono mitupu, kisha anakwenda tena. Poteji ya kilomita moja imekuwa kilomita tatu za kutembea. Wengi hulisahau hili wanapochora njia kwenye ramani. Wapo wanaojaribu kulikwepa kwa kubeba begi mgongoni na mtumbwi kichwani kwa pamoja, na ndio wanaoanguka. Nendeni mara tatu. Ile safari ya kurudi mikono mitupu ni mapumziko ya moyo.

Majini, Minnesota II ni mtumbwi wa kwenda mbele. Urefu wake na omo nyembamba huufanya ushike mstari, hivyo nguvu ndogo inaishia kwenye mwendo badala ya kurekebisha uelekeo. Kwa maziwa marefu hiyo ni neema. Kwenye vijito vinavyopindapinda ni usumbufu: aliye mbele lazima avute maji kwa kafi kuelekea ubavuni ndipo omo igeuke, na aliye nyuma peke yake hatoshi. Ukikaa mara ya kwanza utausikia ukitikisika. Tulia, weka uzito chini. Ukishapata mizigo hutulia sana, kwa hiyo usiupime ukiwa mtupu kando ya duka ukauhukumu.

Mabegi yalale katikati, lililo zito zaidi likigusa nira. Tezi izame kidogo kuliko omo siku ya utulivu. Upepo ukivuma usoni, sogeza mzigo mmoja mbele, la sivyo upepo unaishika omo na kukugeuza. Mitumbwi mingi ya kukodi ina kiti cha mbele kinachoteleza kwenye reli, na hicho kinaokoa kazi ya kuhamisha mabegi. Viti viko chini, jambo jema kwa usalama na baya kwa magoti na kiuno. Usivipandishe. Omba viegemeo vya mgongo vya kufunga kwa mikanda, na kila baada ya saa moja tafuteni ufuko mnyooshe miguu.

Usikubali makafi mazito ya bure yanayokuja na mtumbwi. Mtu hupiga kafi karibu mara 45 kwa dakika. Kwa saa tano hizo ni mara 13,500. Kafi likiwa zito kwa gramu 300 tu zaidi, jioni umenyanyua tani nne za ziada. Kodi la kaboni lenye mpini uliopinda nyuzi 12, na mbadilishe pande kila baada ya mipigo kumi. Mkono wa juu usipite usawa wa macho. Kano za bega lililozeeka huchanikia hapo.

Kwa safari ya kwanza tunapendekeza mlango (mahali rasmi pa kuingilia porini) nambari 25, Moose Lake, mwelekee Knife Lake. Wakodishaji wa Ely hutoa huduma ya kuvutwa kwa boti ya injini kupita Moose, Newfound na Sucker, maziwa ambako injini ndogo zinaruhusiwa. Ilipieni, si aibu. Inawaachia nguvu za siku ya kwanza. Kutoka Birch kwenda Knife kupitia Carp, Melon na Seed kuna poteji kadhaa, nyingi zikiwa fupi. Knife ni ziwa refu la mpakani, na ndiko Dorothy Molter, muuguzi aliyewauzia wapiga makafi soda yake ya kienyeji, alikoishi visiwani mpaka alipofariki mwaka 1986 akiwa na miaka 79. Kaeni hapo siku mbili. Pangeni kilomita 12 hadi 15 kwa siku za mwendo, siku ya nne iwe ya kupumzika, na muwe na siku moja ya akiba kwa upepo. Ondokeni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Mchana maziwa haya huchafuka.

Kibali cha kulala porini kati ya Mei 1 na Septemba 30 hutolewa kwa idadi maalumu kwa kila mlango na kila siku. Uhifadhi kwenye Recreation.gov hufunguliwa Jumatano ya mwisho ya Januari, na Moose Lake huisha mapema. Mwaka 2024 ada ilikuwa dola 16 kwa mtu mzima pamoja na dola 6 za kuhifadhi. Raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani aliyetimiza miaka 62 na mwenye pasi ya wazee hulipa nusu ya ile ada ya mtu. Makopo na chupa za glasi za chakula ni marufuku. Chakula kitundikwe mtini kwa kanuni za kuzuia dubu au kiwekwe ndani ya chombo kilichothibitishwa. Chukueni chombo: kurusha kamba juu ya tawi usiku ni njia nyingine ya kuumiza bega. Kambi ni zile tu zenye jiko la chuma na choo cha shimo, nacho kina mahali pa kukaa, jambo ambalo magoti yatalishukuru.

Mwezi bora ni mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Visubi wameisha, mbu wamepungua na maji bado hayajapoa sana. Mei ikwepeni. Barafu huyeyuka kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na kutumbukia kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 10 humkatisha mtu pumzi papo hapo, huku moyo wenye presha ukipata mshtuko mkubwa zaidi. Jaketi livaliwe na kufungwa, lisikaliwe kama mto.

Dawa zigawanywe mafungu mawili kamili, kila moja kwenye mfuko usiopenya maji na kwenye begi tofauti. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda abebe bendeji za kukandamiza, maana kidonda cha ndoana au kisu hakitakauka upesi. Wanaomeza dawa za kukojoza wana mazoea ya kutokunywa maji ili wasisumbuke mtumbwini. Matokeo yake ni kizunguzungu juu ya mawe. Kunyweni, na msimame ufukoni mara nyingi. Simu hazishiki huko, kwa hiyo kodini kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha msaada, na wote wawili mjue kukitumia.

Jioni mtumbwi uende mbali na maji, upinduliwe na ufungwe mtini ncha zote mbili. Kilo 19 ni chepesi kwa upepo pia, na mtumbwi uliopeperuka ndio mwisho wa safari. Mikwaruzo isikutishe. Tundu au ufa mdogo hukaushwa vizuri, ukafutwa kwa spiriti ya jiko na kuzibwa kwa tepu ngumu ya kitambaa ndani na nje. Unafika nayo nyumbani.

Kuununua mpya kunazidi dola 3,000, na kwa safari moja au mbili kwa mwaka hatushauri. Kodi kwanza. Ukiupenda, wakodishaji wengi huuza mitumbwi yao ya msimu vuli ikifika. Ukienda kuuangalia, ulaze kifudifudi juani na ubonyeze sakafu kwa kidole gumba kila baada ya shubiri moja kuanzia nira kwenda tezi. Panapobonyea au kutoa mlio mkavu, povu limeachana na ngozi. Angalia pia misumari ya nira na chini kabisa ya tezi, ambako nyuzi huanza kutoka kama manyoya. Kiraka safi hapo si kasoro, lakini nyuzi zilizo wazi hunywa maji na kuongeza uzito uleule uliokuwa unaukimbia.