Beringi za kuingiza: angalia kola kabla ya chapa

Beringi ya kuingiza huingizwa kwenye nyumba yake, yaani kasha la chuma linaloishikilia. UC206 na NA206 ni namba za aina mbili za beringi hizi: zina tundu lilelile la milimita 30 na zinaingia kwenye nyumba moja ya milimita 62. Zinatofautiana kwa jinsi pete ya ndani inavyoishika shafti, na hapo ndipo beringi nyingi hufia, gololi zikiwa bado nzima.

Kwa kazi nyingi, namba moja ni kola (pete ya kufungia beringi kwenye shafti) ya kubana mzunguko mzima. Shingo ya pete ya ndani ina mianya. Ukikaza skrubu ya kola, shingo inaifumbata shafti pande zote. Shafti hubaki katikati na haichubuki, kwa hiyo mashine ya mwendo kasi haitikisiki. Ila shafti iliyolika haiifai: kola itafika mwisho wa kubana na pete bado inateleza.

Namba mbili ni kola ya ekisentriki, yaani yenye tundu lisilo katikati kamili, inayouzwa kwa namba kama NA au UEL. Hii inashika vizuri sana ikifungwa ipasavyo, na wengi huikosea. Ivalishe kwenye shingo, izungushe kwa mkono kufuata upande shafti inakozungukia mpaka ishike. Weka tindo butu kwenye kitundu cha kola, igonge kwa nyundo upande uleule, ndipo ukaze skrubu. Ukianza na skrubu, umeifungia kola ikiwa bado legevu. Usiinunue kwa mashine inayozunguka mbele na nyuma, kwani kila ikigeuka inajifungua yenyewe.

UC, ya skrubu mbili bila kola, tunaiweka ya tatu. Inapatikana kirahisi na inatosha kwa mkanda wa polepole wenye mzigo mwepesi. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo; ukizidisha nguvu, pete ya ndani hupasuka. Ncha zake huacha vidonda kwenye shafti, na beringi hukwama siku ya kuitoa.

Penye mtikisiko mkubwa mpangilio huu unabadilika: chukua UK, yenye tundu la mteremko wa 1:12 na mkono wa kufungia, yaani bomba fupi lenye nati linalokaa kati ya beringi na shafti. Angalia namba kwa makini, maana UK206 yenye mkono H2306 ni ya shafti ya milimita 25, si 30. Nati ikikazwa kupita kiasi, nafasi ya gololi huisha na beringi huchemka.

Kabla ya kulipa, pima shafti kwa mikromita sehemu tatu. Namba ya nyuma ya kistari ni ya inchi, kwa sehemu za kumi na sita: UC205-16 ni milimita 25.4, na kwenye shafti ya 25 italegea. Unga mwekundu ukitoka kati ya pete na shafti, tayari inasugua. Kuongeza grisi hakutaizuia.