Muziki wa klasiki wa ubora wa juu: kabla ya kulipia, ulizia mwaka wa kurekodiwa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Mtu amelipia albamu ya biti 24 na kHz 192 (biti huonyesha jinsi kila kipimo cha sauti kilivyo kina, na kHz ni maelfu ya vipimo kwa sekunde; CD ni biti 16 na kHz 44.1), amesubiri gigabaiti kadhaa zishuke, kisha ameilinganisha na CD yake ya zamani ya rekodi ileile. Hasikii tofauti yoyote. Anaanza kuyalaumu masikio yake, au muuzaji anamshauri akanunue amplifaya ya bei zaidi. Mara nyingi masikio ni mazima. Faili ndiyo haina kitu cha ziada ndani yake.

Sitazungumzia hedifoni wala nyaya. Ubishi wa FLAC na ALAC, aina mbili za faili za muziki, nao nauacha, kwa kuwa zote mbili hutunza sauti bila kupoteza chochote. Chukua ile ambayo kifaa chako kinaikubali. Ninachotaka ukichunguze ni jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kuligusa: rekodi hii ilifanywa lini, na kwa kipimo gani?

Mwaka 1979 kampuni ya rekodi ya Decca ilirekodi tamasha la Mwaka Mpya la Vienna kwa mashine zake yenyewe za kidijitali, za kHz 48. Miaka michache baadaye kondakta Karajan na okestra ya Berlin walikuwa wakirekodiwa kwa biti 16, sawa na CD. Biti 24 zilizoeleka studioni miaka ya 1990 ilipokuwa inaelekea ukingoni. Sasa, rekodi ya kHz 44.1 haiwezi kubeba mitetemo ya sauti inayopita kHz 22.05, yaani nusu yake, hilo ni suala la hesabu. Simfoni iliyorekodiwa hivyo mwaka 1984 ikiuzwa leo kama 24/96 (biti 24, kHz 96), kilichofanyika ni kumimina kikombe cha maji kwenye ndoo. Ndoo imekuwa kubwa, maji ni yaleyale. Huenda fundi ameisafisha upya na usafi huo unasikika kweli, lakini ungeenea vizuri tu ndani ya faili ya kiwango cha CD.

Rekodi za zamani zaidi ndizo zinazofaidi. Tepu za miaka ya 1950 hadi 1970 hazina ukuta huo wa kidijitali. Kondakta Reiner na okestra ya Chicago mwaka 1954, au opera za Wagner zilizoongozwa na Solti na kurekodiwa Vienna kati ya 1958 na 1965: tepu hizo zikisomwa upya kwa mashine nzuri, unapata nakala mpya halisi. Hata hivyo tepu ina mvumo wake, unaofunika sauti za chini kabisa, na biti 16, zenye nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ya chini na ya juu, tayari zinatosha kuubeba wote. Kwa tepu nanunua 24/96 na kuishia hapo. 192 inaongeza ukubwa wa faili maradufu, na mimi sijaona sababu ya kuilipia.

Kukagua faili uliyokwisha kuinunua ni rahisi. Ifungue kwenye Audacity, programu ya bure ya sauti, badilisha mwonekano uwe wa spektrogramu (picha ya rangi inayoonyesha mitetemo ya chini hadi ya juu), kisha tafuta sehemu yenye matoazi au tarumbeta kwa nguvu, kwa sababu ala hizo hutoa mitetemo inayopita mbali upeo wa sikio. Rangi zikififia polepole kuelekea juu, hiyo ni dalili njema. Zikikatika ghafla karibu na kHz 22, kama zilizopigwa rula, hapo umeuziwa CD kwa bei ya kitu kingine. Usipime kwa kipande cha kinanda tulivu au kwaya ya sauti za chini. Hakina mengi huko juu hata kikiwa halisi. Na ukiona ukungu unaozidi kuwa mzito kadiri unavyopanda, usiuite muziki. Ni mvumo wa DSD, mfumo wa kurekodi unaotumiwa na SACD (diski ya ubora wa juu kuliko CD), unaosukumwa juu makusudi ili usisikike.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni kampuni ya rekodi ya 2L ya Norwei. Hurekodi zaidi makanisani, kwa DXD, mfumo wa kidijitali wa biti 24 na kHz 352.8, na hueleza wazi kipimo cha asili. Wamewahi pia kutoa sampuli za bure za kipande kimoja katika vipimo mbalimbali, nami sijui njia bora ya mtu kuyapima masikio yake. Wa pili ni Hyperion ya Uingereza: rekodi zao za zamani za biti 16 huziuza kama biti 16, bila kuzipamba. Uaminifu huo unanitosha kuwarudia. Maduka ya mtandaoni ya Presto Music na Qobuz yanafuata kwa wingi wa albamu, ila huko mzigo wa kuchunguza mwaka unabaki kwako. MP3 ya kbps 320, faili iliyobanwa kwa kupoteza sehemu ya sauti, ni ya kusikilizia safarini, basi.

Ukilinganisha, sawazisha sauti kwanza, maana iliyo juu hata kidogo huonekana nzuri zaidi. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha majaribio ambamo wasikilizaji hawakuweza kutofautisha SACD na sauti hiyohiyo iliyopitishwa kwenye kipimo cha CD. Nauheshimu utafiti huo. Lakini ninapolipia biti 24, nalipia kupata kile kilichotoka studioni bila kuguswa, na ndiyo maana uongo wa asili yake unaniuma.

Wauzaji wanajua. Ukurasa unaonyesha mwaka wa kutolewa upya kwa herufi kubwa, na mwaka wa kurekodiwa haupo, au umefichwa ndani ya kijitabu utakachokipata baada ya kulipa. Bei inapanda kwa ngazi, 24/96 kisha 24/192, wakati kazi ya fundi ni ileile moja. Ukishapakua hurudishiwi fedha, hata spektrogramu ikionyesha ukuta. Mnunuzi wa kitambaa hupewa kukishika kwanza. Sisi tunapewa sekunde thelathini za MP3 ili tuamue kuhusu biti 24!

Mwandikie muuzaji kabla ya kulipa: ilirekodiwa mwaka gani, kwa biti ngapi na kHz ngapi, na nakala hii imetoka kwenye tepu au kwenye faili? Asipojibu, nunua kiwango cha CD cha albamu hiyohiyo.